Kilatini cha Mahakamani

"Nolle prosequi," alisema mwendesha mashtaka, na Bi Verdiana akajifunika khanga kichwani, akaanza kulia. Parokiani kwao Kilatini kilisomwa makaburini tu, basi akajua mwanawe Laurian, aliyeshtakiwa kwa mauaji, amekwisha.

Karani wa mahakama akamshika bega. "Mama wee, unamlilia nani? Maneno hayo maana yake serikali haitaki tena kuendelea na kesi."

"Hawatamnyonga?"

"Wamnyonge kwa lipi? Anarudi nyumbani, nenda kampikie!"

Bi Verdiana alicheka huku machozi yakimtiririka, akapenya katikati ya watu mpaka kizimbani. Askari alikuwa amekwisha kumfungua Laurian pingu, lakini kijana alikuwa bado ameikutanisha mikono yake. Mama akaishika, akaanza kuitenganisha taratibu.