Jina Alilotaja Kethia

Fidla zote zilinyamaza kwa pamoja. Ndivyo alivyotaka mtunzi, Mmarekani mmoja mpenda majaribio. Kipande chake kilikuwa cha dakika tano tu, na katikati kila mpigaji alitakiwa kutaja jina la mtu ambaye angependa awemo ukumbini.

Mado alikuwa amekaa safu ya nne, bado na sare ya ghala analofanyia kazi hapo mjini Fort Worth, Marekani. Asubuhi binti yake, Kethia, alikuwa amemuuliza, "Mama, nitaje nani?" Naye akamjibu, "Taja shangazi yako."

Majina yakaanza kutajwa, moja baada ya jingine. Zamu ya Kethia ilipofika, aliikumbatia fidla yake kwa mikono miwili, kidevu kikigusa nyuzi.

"Bertrand," alisema.

Bertrand alikuwa kaka mkubwa wa Kethia. Alipotea siku walipoukimbia mji wao wa Uvira, Kethia akiwa na miaka minne. Tangu hapo Mado hakuwahi kulitaja jina hilo nyumbani. Aliamini mtoto amesahau.

Muziki ukaendelea, ukaisha, watu wakapiga makofi. Mado hakupiga.

Kwenye gari alishika ufunguo bila kuwasha injini.

"Nani alikuambia habari za Bertrand?"

"Hakuna mutu, mama. Nakumbuka mwenyewe. Alikuwa ananibeba mugongoni."

Mado alizitazama gari nyingine zikitoka moja moja, mpaka uwanja ukabaki mtupu. Kisha akauweka ufunguo mapajani.

"Siku ile," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia atungojee."