Sahani ya Saba

Kitendawili, wajukuu zangu: nabisha hodi mlango huu, unafunguka wa pili. Msinijibu sasa. Shikeni jibu mkononi, tusikilize kwanza.

Siku ya kumi na mbili, fundi cherehani alivuta kiti kando ya kitanda cha mdogo wake, akafungua tena kitabu. Jalada lilikuwa na jumba jeusi na popo watatu.

"Dada, si utamuua kwa woga?" nesi alikuwa amemuuliza siku alipokileta.

"Ndicho ninachotaka. Ashtuke."

Mdogo wake hakuwa amefumbua jicho tangu aanguke jikoni. Daktari alishasema: asipotoa ishara yoyote hadi Ijumaa, arudishwe nyumbani. Hakuna aliyeuliza nyumbani kufanya nini. Na leo ndiyo Ijumaa.

Tangu utotoni, huyu mdogo wake, ukimkatia hadithi katikati, atakuganda kama kupe mpaka umalize. Basi kila alasiri fundi alisoma, akifika pazuri anauliza swali, anafunga kitabu, anangoja.

Tabu ni kwamba kitabu chenyewe hakikutisha. Mzimu hakutokea. Watu sita waliishi kwenye jumba lile, wakinywa mchuzi na kugombania kuni. Ila kila jioni meza iliandaliwa sahani saba, na hakuna aliyesema kwa nini.

"Kutisha gani huku?" Nesi alipita nyuma ya pazia kumgeuza bibi wa kitanda cha jirani, yule asiye na ndugu wa kumjulia hali. Miezi miwili hakutamka neno. Wafagiaji walimwita Gogo. "Hata Gogo wangu hajashtuka."

Fundi hakucheka. Machozi yalimkaukia siku ya tano. Sasa alisoma kama anavyoshona pazia refu: macho mbele, mguu unakanyaga tu.

Akabakiza ukurasa mmoja. Nje, mjomba wao alishafika na gari kuwachukua.

"Haya, mdogo wangu. Sahani ya saba ni ya nani?"

Pazia lilitikisika kidogo, kama jana, kama juzi. Feni hiyo, aliwaza. Akaushika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa mwepesi, haukumshika.

Akaanza kukifunga kitabu, polepole.

"Niambie basi. Ya nani?"

"Yangu," sauti kavu ilijibu nyuma ya pazia. "Usifunge, mwanangu."