Neva Zilizopigiwa Tarumbeta

Mzee Ngwali aliinamia hadubini. Mkono wake wa kulia, uliopiga tarumbeta kwenye harusi zote za mji, siku hizi haukuweza hata kufunga kifungo cha shati.

"Hizi ni neva zako, baba," alisema Zamda, mtafiti aliyezikuza kutokana na kipande cha ngozi yake. "Zilikuwa vibutu tu, hazina hata uzi."

"Mbona zimeota mizizi!"

"Neva hunakili maagizo ya jeni, kisha huikata nakala na kuiunganisha upya. Kuna protini inayoishika nakala hiyo isikatwe ovyo. Kwako imeacha kazi, takataka zikabaki katikati ya maagizo, neva zikashindwa kukua. Dawa yetu imepaziba pale palipokatwa vibaya."

Mzee alichungulia tena. Nyuzi nyembamba zilitambaa kila upande, zikitafutana.

"Lakini hiki ni kisahani cha maabara tu," Zamda alitahadharisha. "Mkononi bado hatujafika."

"Nimesikia, mwanangu. Ila bendini kwetu mgeni, hata akiwa neva, hapokelewi kimya kimya."

Akamwambia Zamda amtolee tarumbeta kwenye mfuko ambao yeye mzee alikuja nao. Mzee akaishika kwa mkono wa kushoto, akamwonyesha Zamda kwa macho vitufe vya kubonyeza.

"Mimi sijui, baba!"

"Nitakukonyeza. Wewe bonyeza tu."

Akaiweka mdomoni, akapuliza. Wimbo wa kumtoa bibi harusi ukatoka umepinda vibaya, wote wawili wakacheka, wakaanza upya. Safari ya tatu ukanyooka, na huko nje, barabarani, mwanamke wasiyemjua akapiga kigelegele.