Jina la Nne

Basi bwana, Mzee Kingalu aliokota konokono mtoni miaka kumi na moja kwa ajili ya watafiti wa kichocho, na kila makala ikitoka, jina lake halimo. Mwishoni tu wanaandika: tunawashukuru wasaidizi. Wasaidizi gani? Si mji mzima huo!

Siku hiyo Daktari Nasra, mmoja wa watafiti hao, akamwita. "Kuna utaratibu mpya, baba. Aliyefanya kazi anaandikwa. Wewe jina la nne. Ila lazima kwanza ukubali yaliyomo."

Akamsomea makala mpya. Mzee akacheka kusikia jina lake, halafu akakunja uso. "Hapo pa konokono kukutwa juani, hapana. Tuliwatoa kivulini, chini ya majani."

"Jamani mzee, inatumwa leo! Wakubwa washasaini."

"Basi nitoeni. Jina langu silitii kwenye uongo."

Nasra akafungua daftari la mtoni, akapekua, akacheka mpaka machozi. "Kivulini kweli! Umetuokoa, baba." Akaufuta ule mstari, akamnyooshea kalamu. "Sahihisha mwenyewe, kisha utie sahihi."

Mzee akajipangusa tope vidoleni, akaishika kalamu kama anavyoshika konokono, taratibu, isije ikavunjika.