Kijiko cha Pili

Mgeni, muuza asali kwenye mahoteli makubwa, alilamba kijiko cha kwanza cha asali ya Nyamizi. Nyamizi alimkodolea macho mpaka akasahau kupumua. Mgeni akachota tena.

"Mama, nimezunguka nchi nzima sijaonja asali kama hii. Nitaichukua yote, na ya kila msimu. Nyuki wako wanafyonza maua gani?"

"Ya mkwaju wetu, ule wa nyuma ya..."

Mlio wa shoka ukamkatiza. Asubuhi ile ile, yeye mwenyewe ndiye aliyemsihi mumewe aukate mti huo wapate mkaa.

Akampokonya mgeni kijiko bila kujua, akatoka mbio, khanga ikimvuka, huku anacheka na kupiga kelele, "Baba Shija, weka shoka chini."

Shoka likalia mara moja tena. Kisha mumewe akaliweka chini, na kutoka kwenye mkwaju uliokuwa bado umesimama, maua ya manjano yakaanza kumdondokea kijikoni.