Jina Kwenye Sweta

Nilikuwa nadarizi jina la binti yetu kwenye sweta yake ya shule alipotusomea insha aliyoandika.

"Naitwa Mila. Baba alinichagulia jina hili kumuenzi babu, baba yake mama, aliyeshika mila mpaka anaingia kaburini."

Mke wangu akatabasamu, vilevile kama siku nilipomdanganya.

"Mwalimu amesema hata kule baba alikosomea ushonaji jina hili lipo. Kwa lugha yao maana yake ni mpenzi."

Sindano ikanichoma. Tone la damu likanywewa na uzi mweupe, katikati ya herufi.

"Enhe, baba Mila," mke wangu akasema, bado anatabasamu, "kule wanaoitwa hivyo ni wengi?"

"Mmoja tu," nikaropoka.