Mbeleko ya Pipi

Sasa huyu naye mbwa? Miguu njiti za kiberiti, masikio ya popo, macho yamemtoka kama kabanwa na mlango! Radi ikinguruma kidogo tu, anatetemeka mwili mzima.

"Asumini, mbebe Pipi mgongoni," bosi wake alisema. "Mbeleko si unayo?"

"Ile ya mwanangu, mama."

"Mwanao si yuko kwa bibi yake? Hutaki, sema. Wanaotaka kazi wapo."

Asumini akasonya moyoni, akamfunga. Kidudu kile kikambwekea sikioni, kikamparura bega, mwisho kikachoka. Kikalaza kichwa palepale alipozoea kulala mwanawe.

Mvua ikazidi. Asumini akawa anakoroga uji wa Pipi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nyuma, unapigapiga mbeleko polepole.